Tozo ya Pauni Moja na Hatima ya Kumbi Ndogo za Muziki wa Ala

Mwezi Mei 2024, Kamati ya Bunge la Uingereza inayoshughulikia utamaduni, habari na michezo ilipendekeza kuwa sehemu ya bei ya kila tiketi ya matamasha makubwa, yale yanayofanyika katika viwanja vya mpira na kumbi zinazobeba maelfu ya watu, itengwe kwa ajili ya kuzinusuru kumbi ndogo. Novemba mwaka huo Serikali iliunga mkono pendekezo hilo, ikitaka wenye tasnia waanze kulitekeleza kwa hiari kabla ya kufikiria sheria. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni pauni 1 kwa tiketi.

Chimbuko la hatua hiyo ni takwimu za Music Venue Trust, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2014 kutetea kumbi hizo. Mwaka 2023 pekee kumbi ndogo 125 nchini humo ziliacha kuandaa muziki wa jukwaani, na wastani wa faida kwa zilizobaki ulikuwa takriban asilimia 0.5. Miongoni mwa zilizofungwa ni Moles ya mjini Bath, iliyodumu tangu mwaka 1978 na kupokea bendi kama Radiohead na Oasis zikiwa bado hazijulikani.

Athari za kufungwa kwa kumbi hizo huonekana wazi zaidi katika aina moja ya muziki isiyo na wapenzi wengi, yaani posti-roki. Jina hilo lilienezwa mwaka 1994 na mhakiki Simon Reynolds, akizungumzia bendi zinazotumia magitaa, besi na ngoma za muziki wa roki bila kufuata muundo wake wa ubeti na kiitikio. Bendi nyingi za mkondo huo haziimbi kabisa. Kipande kimoja huweza kuchukua dakika 15 au 20, kikianza kwa gitaa moja linalosikika kwa mbali na kupanda polepole hadi ukumbi wote utetemeke, kisha kikashuka tena. Mogwai ya Glasgow, iliyoundwa mwaka 1995, Godspeed You! Black Emperor ya Montreal, Explosions in the Sky ya jimbo la Texas na Mono ya Tokyo ndizo zinazofahamika zaidi.

Kiuchumi, muziki wa namna hiyo una udhaifu wa kimaumbile. Redio haiwezi kuupigia kipande cha dakika 20 kati ya taarifa ya habari na matangazo ya biashara. Katika majukwaa ya kusikiliza muziki kwa njia ya intaneti, wimbo huhesabiwa umesikilizwa baada ya sekunde 30, na hivyo kazi ya dakika 20 huhesabiwa mara moja sawasawa na ile ya dakika 3. Mwanamuziki wa ala aliyetunga albamu yenye vipande vinne virefu anaingia sokoni akiwa amekwisha kupunjwa na kanuni ya hesabu yenyewe. Kinachobaki ni jukwaa. Faida yake ni kwamba muziki usio na maneno hauhitaji mkalimani, na ndiyo maana Mono imezunguka mabara kadhaa bila kulazimika kuimba kwa Kiingereza.

Hata hivyo, jukwaa nalo lina gharama zake. Chukua mfano wa usiku mmoja wa bendi tatu katika ukumbi mdogo: watu 200 wakilipa kiingilio cha pauni 15, mapato ni pauni 3,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo Uingereza ni asilimia 20 na imo ndani ya bei ya tiketi, inaondoa pauni 500. Pauni 2,500 zinazosalia zinapaswa kulipa pango, umeme, fundi mitambo, walinzi, mafuta ya gari na malazi, kisha wapigaji kumi na zaidi wagawane kilichobaki. Wenye kumbi wengi hufidia pengo kwa mauzo ya vinywaji, lakini watazamaji wa muziki huu wana desturi ya kusimama kimya wakisikiliza. Heshima hiyo kwa wapigaji haijazi kaunta.

Wapo wanaosema soko liachwe liamue. Hoja hiyo inasahau muda. Albamu ya Mogwai ilishika nafasi ya kwanza katika chati za Uingereza mwezi Februari 2021, miaka takriban 25 tangu bendi kuundwa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilijengwa na kumbi za aina hii. Ukumbi unaopata hasara leo huenda unailea bendi itakayojaza uwanja wa mwingine baadaye. Ufaransa ililitambua hilo mapema: huko maonesho ya muziki hutozwa asilimia 3.5 ya mapato ya tiketi kwa mujibu wa sheria, na tangu mwaka 2020 fedha hizo husimamiwa na Kituo cha Taifa cha Muziki. Uingereza imechagua hiari, na hadi sasa mafanikio yanategemea moyo wa wahusika. Coldplay ilitoa asilimia 10 ya mapato yake ya maonesho ya Uingereza ya mwaka 2025, na Royal Albert Hall ilikubali tozo hiyo. Mpango unaosubiri wasanii wakarimu ni vigumu kuuwekea bajeti.

Kwa Tanzania, swali la nani agharimie muziki wa jukwaani lina historia yake. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Ala zilikuwa mali ya chama na wanamuziki walilipwa mshahara. Mlimani Park nayo ilizaliwa mwaka 1978 chini ya shirika la umma. Mfumo huo ulipodhoofika, mzigo wa ala na ukumbi ulihamia kwa bendi zenyewe. Zanzibar, ambako vikundi vya taarabu asilia huanza onesho kwa bashrafu, kipande cha ala tupu, tamasha la Sauti za Busara limeshikilia tangu mwaka 2004 kwamba wasanii wapige muziki mubashara.

Kuna jambo jingine la Uingereza linalogusa miji yetu. Tangu mwaka 2018 mwongozo wa mipango miji wa England unamtaka anayejenga makazi karibu na ukumbi uliokuwapo tayari ndiye agharimie kuzuia sauti, badala ya ukumbi kubebeshwa malalamiko ya wapangaji wapya. Hapa nchini, Kanuni za Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za mwaka 2015 zinalinda haki ya wakazi kulala, na haki hiyo haina mjadala. Lakini katika maeneo ambako ghorofa linaukuta ukumbi ulioanza kazi miaka mingi kabla yake, halmashauri ina nafasi ya kuuliza, kabla ya kutoa kibali cha ujenzi, iwapo michoro imezingatia vioo na kuta za kuzuia sauti.