Seva ya Nyumbani? Anza na Laptopu Kuukuu

Wadau, wengi mnaniuliza mnunue seva gani ya kuhifadhi filamu, muziki na picha. Jibu langu: msinunue. Tumieni ile laptopu ya zamani iliyolala kabatini.

Huku Chakol stima hupotea bila hodi. Kompyuta ya mezani huzimika papo hapo, na diski ikiwa inaandika, mafaili yanaweza kuharibika. Hivyo ndivyo nilivyopoteza video ya mazishi ya babu. Laptopu ina betri. Ikishika hata dakika 20 tu, unapata muda wa kuizima vizuri.

Weka Linux, kisha Jellyfin, programu ya bure iliyotokana na Emby mwaka 2018. Simu na runinga zitacheza filamu kupitia ruta ya nyumbani bila kula data uliyonunua.

Pesa iliyobaki nunua diski mbili za nje: moja ya kutumia, nyingine ya nakala, ikae kwa shangazi kule Malaba. Msidanganyike na RAID. Ukifuta faili, linafutika kwenye diski zote. Filamu utaipata tena. Video ya babu mimi sikuipata.

Haya, kazi njema.