Udongo Si Aibu

Bwana Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu, niseme machache juu ya jambo lililonikaa moyoni tangu mkutano wa mwisho wa wanafunzi wa zamani.

Siku ile, baada ya chakula, kijana mmoja wa kidato cha pili alitutembeza shuleni. Alikuwa kijana mwenye adabu, na maelezo yake yalikuwa mazuri. Alituonyesha maabara, ukumbi na tangi jipya la maji, nasi tukafurahi sana kuona shule yetu inavyoendelea. Lakini tulipofika nyuma ya jiko, mbele ya lile bweni la kwanza lililojengwa kwa matofali mabichi, aliongeza mwendo. Nilipomwuliza habari za nyumba ile alicheka kidogo, akajibu, "Hiyo ni ya udongo tu, mzee. Itabomolewa likizo ijayo."

Bwana Mhariri, ni hilo neno "tu" lililonifanya nishike kalamu. Sikatai kwamba nyumba ikichakaa hubomolewa. Ninalokataa ni kuhukumu nyumba kwa sababu ya udongo wake, kabla ya kuuliza ilijengwaje, ilitunzwaje na iliharibiwa na nini. Naomba wasomaji wanifuate kwa muda mfupi hadi nchi zilizo mashariki ya Bahari ya Kati, ambako watu wamejenga kwa udongo kwa miaka elfu kumi, kisha turudi pamoja nyuma ya jiko.

Sote tumesikia habari za mji wa Yeriko. Mabaki ya mji ule wa kale ni kilima kiitwacho Tell es-Sultan, katika bonde la mto Yordani. Kilima hicho hakikuumbwa na Mungu siku moja na milima mingine. Kimejengwa na watu. Nyumba ya matofali mabichi ilipoanguka, wenyewe walisawazisha kifusi wakajenga nyingine juu yake. Wajukuu zao wakafanya vivyo hivyo, na vitukuu wao pia, hata kikawa kilima chenye kimo cha zaidi ya mita 20. Waarabu hukiita kilima cha namna hii tell. Sisi tungeweza kukiita kichuguu cha watu, kwa maana kimeinuliwa kama mchwa wainuavyo chao, tonge moja moja la udongo.

Kuanzia mwaka 1952 hadi 1958 mama mmoja Mwingereza, Kathleen Kenyon, alichimba kilima hicho kwa uangalifu mkubwa. Chini kabisa, karibu na mwamba, alikuta makao ya watu ambao hata vyungu walikuwa hawajajua kufinyanga. Hata hivyo watu hao walikuwa wamejenga mnara wa mawe wenye kimo cha mita 8 na nusu hivi, na ndani yake ngazi yenye vidato 22. Mnara huo ulijengwa yapata miaka 8000 kabla ya kuzaliwa Kristo. Nyumba zao zilikuwa za mviringo, za matofali ya udongo yaliyofanywa kwa mikono mitupu bila kalibu.

Baadaye wakaja wengine waliojenga nyumba za pembe nne. Matofali yao yalikuwa marefu, na upande wa juu wa kila tofali fundi alikuwa amebonyeza kwa vidole gumba, safu mbili za alama, ili udongo wa kuunganishia ushike vizuri. Alama hizo zingali zinaonekana. Jina la fundi yule limepotea, na lugha yake imepotea, lakini ukiweka kidole chako mahali pale unajua kwamba mtu huyu alifahamu kazi yake. Je, huyo naye ni wa "udongo tu"?

Sasa angalieni dharau ilivyoleta hasara. Katika mwaka 1871 Mjerumani mmoja tajiri, Heinrich Schliemann, alianza kuchimba kwa nguvu kilima cha Hisarlik, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alikuwa akiutafuta mji wa Troya, ule ulioimbwa na Homer. Aliamini kwamba mji wa wafalme hao ungekuwa chini kabisa, basi akaamuru watu wake wakate handaki kubwa katikati ya kilima. Kuta zilizosimama njiani zikavunjwa na kutupwa pamoja na kifusi. Katika mwaka 1873 alipata dhahabu akashangilia kwamba ni mali ya mfalme Priam. Lakini wataalamu walipokuja kupima tabaka moja baada ya jingine, ilionekana kwamba dhahabu ile ni ya zamani zaidi, imetangulia wakati wa vita vya Troya kwa miaka elfu moja na zaidi. Katika haraka yake alikuwa amepita katikati ya mabaki ya mji aliokuwa akiutafuta, na mengine akayaharibu. Tatizo lake ni hili: ukuta wa matofali mabichi ulioanguka hufanana sana na udongo ulio kando yake. Asiyeuheshimu udongo hawezi kuuona ukuta.

Wengine walijifunza. Mwingereza Flinders Petrie, alipochimba Tell el-Hesi huko Palestina mwaka 1890, alionyesha kwamba kila tabaka la kilima lina vigae vyake vya vyungu, na kwamba kwa vigae hivyo mtu aweza kujua lipi limetangulia na lipi limefuata. Tangu hapo kigae kilichokuwa kikitupwa kikawa kama kalenda. Huko Yeriko kwenyewe, John Garstang alichimba kati ya mwaka 1930 na 1936, akasema amepata ukuta ulioanguka wakati wa Yoshua. Kenyon alipochunguza tena tabaka na vigae, aliona ukuta ule ulikuwa umeanguka karibu miaka elfu moja kabla ya wakati huo. Sitaki kuzusha ubishi wa dini katika gazeti la shule. Nasema tu kwamba udongo ukiulizwa kwa subira hujibu, na jibu lake huenda lisiwe lile tulilolitaka.

Hata wataalamu wazuri hukosea. Katika kisiwa cha Kipro kuna kijiji cha kale kiitwacho Choirokoitia, chenye nyumba za mviringo za mawe na udongo, zilizojengwa miaka 9000 hivi iliyopita. Mchimbuaji wa kwanza, Porphyrios Dikaios, alidhani kwamba mapaa yalikuwa ya kuba kama mzinga wa nyuki, kwa sababu kuta zilikuwa za duara. Baadaye wachimbuaji Wafaransa walikuta mabaki ya paa lililoanguka, na paa hilo lilikuwa bapa, la miti, matete na udongo. Ni mabonge machache ya udongo yaliyosahihisha vitabu. Kama mtu angaliyafagia kwa kusema ni takataka, tungalikuwa tunafundisha kosa hadi leo.

Najua wasomaji wengine wanasema moyoni, "Mzee huyu anatamani tulale katika udongo naye analala katika saruji." Ni neno la haki, na lazima nilijibu. Udongo una udhaifu. Mvua huula, mchwa huupenda, na tetemeko la nchi huuangusha vibaya. Watu wa kale walijua haya kuliko sisi, wala hawakukaa wakilalamika. Waliweka msingi wa mawe chini ili maji yasipande. Walichanganya majani makavu katika udongo ili tofali lisipasuke likikauka. Kila aliyesoma kitabu cha Kutoka anakumbuka jinsi Farao alivyowanyima Waisraeli majani ya kufanyia matofali. Huko Krete na Anatolia walilaza mbao ndani ya kuta ili nyumba ikitikiswa isisambaratike.

Zaidi ya yote, waliitunza nyumba. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Huko Çatalhöyük, katika uwanda wa Konya, kulikuwa na mji wa nyumba zilizobanana hata hakukuwa na njia kati yake. Watu walitembea juu ya mapaa na kuingia nyumbani kwa ngazi kupitia tundu la darini. Mji huo ulianza miaka 7000 na zaidi kabla ya Kristo. Wachimbuaji waliokata lipu ya kuta zake waliona tabaka nyembamba nyeupe, moja juu ya nyingine, na katika kuta nyingine zimefika mamia. Maana yake ni kwamba wenye nyumba walipaka, wakapaka tena, kizazi baada ya kizazi. Na kuta za mji wa Yeriko katika zama za shaba ya kale, Kenyon alihesabu kwamba zilitengenezwa au kujengwa upya mara 17. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Yeriko walifanya yote mawili.

Ukitunzwa, au hata ukifunikwa tu, udongo hudumu. Kaskazini ya Israeli, mahali paitwapo Tel Dan, mwaka 1979 liligunduliwa lango la mji la matofali mabichi lenye matao, lililojengwa yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo. Lilisalimika kwa sababu halikutumika muda mrefu; wenyeji walilijaza udongo wakalizika likiwa zima. Huko Luxor, Misri, ghala za matofali mabichi zilizojengwa wakati wa Ramesesi wa pili zingali na sehemu za mapaa yake ya mviringo, baada ya miaka 3200. Bati gani la dukani litasema hivyo?

Mmisri mmoja wa karne iliyopita, Hassan Fathy, aliziona ghala hizo akajiuliza kwa nini maskini wa nchi yake wasijengewe kwa ujuzi ule ule. Aliwaita waashi Wanubi kutoka karibu na Aswan, waliojua kufunga paa la matofali bila kuliegemeza kwa mbao, na katika miaka ya 1940 akaanza kujenga kijiji kipya cha Gourna. Nyumba zilikuwa nzuri. Lakini wengi wa wale waliojengewa walikataa kuhamia. Hawakutaka kuondolewa mahali pao, na tena makuba yale yaliwakumbusha makaburi. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, ili mtu asidhani nasema kwamba kila cha kale ni chema kwa kila mtu. Mwenye kulala ndani ya nyumba ndiye mwenye neno la mwisho. Lakini ni lazima alijue neno analolisema.

Basi na turudi nyuma ya jiko. Wakati wetu bweni lile lilikandikwa kila mwaka kabla ya mvua za masika. Ilikuwa kazi ya Jumamosi mbili. Sisi tulikanyaga udongo na majani, na mzee mmoja wa kijiji alisimamia. Ndani kulikuwa na baridi mchana, na usiku tulilala bila kutetemeka. Baada yetu kazi hiyo iliachwa. Kisha, kwa nia njema, kuta zilipakwa saruji ili zionekane za kisasa. Nilipozigonga siku ile kwa kifundo cha kidole, saruji ililia kama ngoma. Saruji haipumui kama udongo. Maji yaliyoingia kwa ufa yalikosa pa kutokea, na tofali lililo nyuma yake likalainika. Halafu tunasema udongo umeshindwa! Udongo haukushindwa. Ulivishwa nguo isiyo yake, kisha ukaachwa bila mlinzi.

Siombi bweni lile liachwe limwangukie mtoto wa mtu. Kama mafundi wanasema ni la hatari, na libomolewe. Ninaomba mambo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, wanafunzi wa hesabu na wa historia walipime bweni lile, kuta, milango na madirisha, walichore na kulipiga picha. Pili, wamtafute yeyote aliyebaki kati ya wale waliolijenga au kulikandika, wamwulize udongo ulitoka wapi, ulichanganywa na nini na kwa kiasi gani, wayaandike maneno yake na kuyachapisha katika gazeti hili. Tatu, siku ya kubomoa, wasivunje kwa kishindo kama Schliemann. Waanze juu kwenda chini, tabaka baada ya tabaka, na wahesabu ni mara ngapi kuta zile zilipakwa.

Nina hakika watakuta tabaka moja lenye alama za vidole vyembamba vya watoto wa miaka kumi na mitano. Mojawapo ni vyangu. Na yule kijana mwenye adabu aliyetutembeza, naomba awe wa kwanza kuzihesabu, kisha atuambie kama ni udongo tu.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Zamani