Kidato cha sita na kamera: Kombi ziko 65, picha iko wapi?

Kila mwanzo wa mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, kijana wa Mwera, wilayani Pangani, anabaki na kazi moja ya haraka: kuamua kombi. Mfumo wa Selform wa TAMISEMI unafunguliwa kwa muda. Anaingia kwa simu ya mzazi, au ya jirani mwenye bando, anabadilisha machaguo yake au anayaacha yalivyo. Ni kazi ya dakika chache, lakini inabeba miaka miwili ya kidato cha tano na sita, na mara nyingi chuo kinachofuata.

Sasa mchukulie kijana ambaye anachokipenda ni kupiga picha. Si selfi wala picha za pasipoti. Ni yule anayeamka mapema kuwahi jua la alfajiri ufukweni kwa sababu ameshajua kwamba mwanga wa saa sita mchana unaua sura za watu. Huyo achague kombi gani?

Miaka michache nyuma jibu lilikuwa jepesi: hakuna. Achukue HGL au HKL kama wenzake, kamera itasubiri. Machi 2024 mambo yalibadilika kidogo. Serikali ilitangaza tahasusi 65 badala ya 16 zilizozoeleka, zikagawanywa kwenye makundi saba, na moja ya makundi hayo ni sanaa. Muziki, sanaa za maonyesho na sanaa za ufundi zikakaa kwenye orodha moja na PCM na EGM. Kwa nchi ambayo mzazi akisikia neno "sanaa" anawaza mwanaye ameshindwa fizikia, hilo si dogo.

Ila upigaji picha haujasimama kama somo lenye mtihani wake. Anayeutaka lazima aufikie kwa kupitia mlango wa sanaa za ufundi, na shule zenye mwalimu wa masomo hayo ni chache. Kidato cha tano mwanafunzi anapangiwa shule, na inaweza kuwa mkoa mwingine kabisa. Kombi kuwepo kwenye mfumo ni jambo moja, kumpata mwalimu darasani ni jambo jingine.

Simu ndiyo kamera, na simu ni marufuku

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, na watunga mitaala wamekuwa wakipazunguka. Kamera ambayo kijana wa kawaida wa Pangani anaweza kuishika ni simu. Shule za bweni kwa kawaida haziruhusu simu, na anayekamatwa nayo anaweza kurudishwa nyumbani. Sababu zinaeleweka. Walimu wamechoka na mitandao usiku wa manane, na usingizi darasani asubuhi.

Lakini matokeo yake ni kwamba kijana anayetaka kujifunza picha anaingia kidato cha tano na kuachana na chombo chake pekee hadi likizo. Hakuna anayemwambia mwanafunzi wa kemia asiguse chupa za maabara hadi Desemba. Maabara ina mlango, ina ratiba, ina mwalimu mwenye ufunguo. Simu tano za shule, zisizo na laini, zikikaa kwenye kabati la ofisi na kutoka kwa saa mbili za somo, hazina tofauti kubwa na darubini za baiolojia. Gharama yake haifiki hata karibu na ya kujenga maabara.

Kamera kubwa yenye lenzi za kubadilisha ni nzuri, hakuna ubishi. Ila pwani ina adui wake: hewa ya chumvi na unyevu. Lenzi ikiachwa kwenye begi bila matunzo huota kuvu, na fundi wa kuisafisha hapatikani kila mtaa. Shule itakayonunua kamera moja ya bei mbaya na kuifungia kabatini itakuwa imenunua pambo.

Wengine wanafanyaje

Uingereza, ambako picha ni somo kamili la ngazi hiyo, hakuna mtihani wa kukariri. Asilimia 60 ya alama hutoka kwenye kazi ambayo mwanafunzi anaichagua na kuifuatilia mwenyewe kwa miezi, ikiambatana na maandishi yasiyopungua maneno 1,000. Asilimia 40 ni mada anayopewa na bodi ya mitihani; anajiandaa, kisha anaikamilisha kwa saa 15 chini ya usimamizi. Mtahini anaangalia vitu vinne kwa uzito sawa: wazo lilivyokua, majaribio aliyofanya, alivyorekodi alichokiona, na kazi ya mwisho. Ukubwa wa kamera haumo.

Jirani wa karibu zaidi ni Kenya. Mtaala wake mpya umeweka njia tatu kwenye sekondari ya juu, na moja ni sanaa na michezo. Wanafunzi wa kwanza wa utaratibu huo waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Bado ni mapema kusema inakwendaje.

Kwa Tanzania, kinachokwamisha ni namna ya kupima. NECTA imezoea kupima vitendo: fizikia, kemia na baiolojia zina karatasi zake za vitendo. Lakini vitendo hivyo ni vya saa chache, siku moja, chumba kimoja. Picha ya kubuni haipimiki hivyo. Humwambii mtu "toka nje, leta picha bora kabla ya saa tano". Inapimwa kwa mfululizo, kwa kuona mwanafunzi alianza na picha mbovu ngapi, akazitupa kwa nini, akarudi tena mahali palepale mara ya nne akaona nini.

Pantoni haitasubiri

Na Mwera wana cha kufuatilia, si haba. Kutoka mjini Pangani kwenda Mwera, safari ya miaka yote imekuwa ni kuvuka mto kwa pantoni hadi Bweni. Sasa upo mradi wa daraja la mita 525, sehemu ya barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo. Daraja likianza kazi, mama wa samaki na beseni lake, bodaboda waliojipanga, wanafunzi wenye sare wakisubiri upande wa pili, vyote vitahama au vitatoweka. Mwanafunzi wa kidato cha sita akifuata kivuko hicho kila likizo kwa miaka miwili, atakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna mpiga picha wa kuja na kuondoka atakayekuwa nayo.

Hili si jambo la kujipendezesha tu. Pwani hii imepigwa picha sana, ila na wengine. Mkonge wa kwanza Tanganyika ulipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893, baada ya Richard Hindorf kuagiza miche, ikapona 62 tu. Vita vya Abushiri vilianzia Pangani 1888, na yeye akanyongwa hapohapo mwaka uliofuata. Anayetaka kuona sura za pwani ya miaka hiyo anaelekezwa Ulaya na Marekani: Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina hifadhi kubwa ya picha za makoloni ya Kijerumani, na Chuo Kikuu cha Northwestern kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki. Babu aliyekata mkonge yumo kwenye picha hizo bila jina.

Wenyeji waliposhika kamera mapema, kazi ilionekana. Mohamed Amin alikulia Dar es Salaam na kuanza kupiga picha akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1963, hajafikisha miaka 21, alianzisha Camerapix jijini humo. Picha zake za video za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia hadi wanamuziki wakaingia studio kuchangisha. Zanzibar, familia ya Oza imeendesha Capital Art Studio pale Mji Mkongwe tangu 1930. Hao hawakusubiri mtaala, kweli. Lakini Amin alikuwa mtoto wa mjini aliyeweza kuipata kamera. Wa Mwera asiyeipata anahitaji shule imsogezee.

Kuna pia upande wa sheria ambao vijana wengi wanaujua kwa kuumia. Picha ni kazi inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA ndiyo ofisi yake. Anayeiona picha yake ya ngalawa kwenye bango la hoteli bila kulipwa ana pa kuanzia. Na yeye naye, akimpiga mvuvi au mtoto wa watu picha, aombe kwanza. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu inayomtambulisha si mali ya mpiga picha peke yake. Haya yangefundishwa kwa vipindi viwili tu.

Kwa sasa, anayejaza Selform ana njia mbili zinazoeleweka. Ya kwanza ni kwenda kidato cha tano kwa kombi yenye sanaa za ufundi, apate ufaulu wa "principal" mbili zinazomfungulia chuo kikuu, na kamera aifanyie kazi likizo. Ya pili ni kuruka kidato cha sita na kwenda TaSUBa, Bagamoyo, taasisi iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981 na inayopokea hata waliomaliza kidato cha nne. Wazazi wengi wataisukuma ya kwanza. Kabla hawajafanya hivyo, wapige simu shule aliyopangiwa mtoto na kuuliza maswali mawili: mwalimu wa sanaa yupo? Na kamera, hata ya simu, ataruhusiwa kuishika lini?