Rauta ya Bei Chee, Kamba ya Mbuzi

Leo sina habari ya mbunge wala ya mpira. Nina ugomvi na kiboksi kimoja chenye taa za kijani na antena mbili: rauta. Hasa zile rauta za bei chee zinazopangwa mbele ya maduka ya simu Kyela mjini, Tukuyu na Mbeya, zimebandikwa karatasi ya OFA, halafu muuzaji hasemi kwamba zimelokiwa kwa mtandao mmoja tu. Ukiweka laini ya mtandao mwingine, kinakutolea macho mekundu.

Nasema mapema ili mtu asije kuniuliza nimesimama wapi. Kwa mtu wa Kyela, rauta iliyolokiwa si rahisi hata ukiuziwa kwa nusu ya bei. Na anayekuuzia bila kukwambia anakuibia mchana kweupe, tena anakupa na risiti.

Najua wapo wasomi wenzangu wa Dar watakaocheka. Eti mkulima wa kakao na mpunga waifai ya nini? Simu si inatosha? Jamani, hebu tuheshimiane. Mtoto wa huyo mkulima akimaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa HESLB kwa mtandao. Matokeo ya NECTA yanatoka mtandaoni. Majina ya waliochaguliwa kidato cha tano, TAMISEMI wanayatoa mtandaoni. Serikali imehamisha madirisha yake yote kwenye intaneti, halafu mnamshangaa mwananchi anayetaka kuifikia! Nyumba yenye simu tano, kila mmoja ananunua kabando kake ka siku, na hukaisha kabla ya kupakia cheti cha kuzaliwa. Kuweka bando moja kubwa kwenye rauta, watu wote wakalitumia, ni hesabu ya mama mwenye nyumba anayejua bei ya sukari. Hapo hakuna anasa yoyote.

Sasa tuje kwenye jiografia, maana ndiyo inayoniumiza. Barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema haifiki hata kilomita 40. Lakini katika kilomita hizo mitandao inapokezana kama madereva wa lori. Mtandao unaokimbia Kyela mjini unaweza kuchechemea ukifika Ipinda, na ukifika Matema ukakuta mwingine ndio mfalme. Upande ule Milima ya Livingstone inasimama wima kutoka ziwani, na mawimbi ya mnara hayapandi mlima kama mbuzi. Nyuma ya mlima kuna kivuli. Vuka uende Ikombe kwa wafinyanzi wa vyungu, utaona ninachosema. Geuka upande wa Kasumulu, simu inakukaribisha Malawi wakati bado umekanyaga Tanzania. Ndiyo, Mkongo wa Taifa umepita hapo hapo Kasumulu kuelekea Malawi. Lakini kwa nyumba nyingi za huku kwetu intaneti ya nyumbani maana yake ni laini ya simu iliyochomekwa ndani ya rauta.

Namfahamu mwalimu mmoja wa sekondari, jina lake nalihifadhi. Alinunua rauta ya ofa akiwa anaishi mjini, ikamtumikia vizuri. Akahamishiwa shule iliyo karibu na ziwa. Huko mtandao wa rauta yake unaonekana ukipanda juu ya mwembe. Mtandao mwingine upo, una nguvu, wanafunzi wake wanautumia kwenye simu zao. Yeye ana rauta nzima, haina ubovu, na imegoma. Akaambiwa apeleke kwa fundi ikaflashiwe. Fundi akachukua hela, akairudisha imekufa kabisa. Sasa inashikilia mlango usipigwe na upepo wa ziwani. Tufanye mfano wa hesabu: kama ya ofa ni shilingi 70,000 na iliyo huru ni 120,000, huyu atakuja kutumia 190,000, bila kumhesabu fundi. Ipi hapo ni rahisi?

Na hapa ndipo ninapotaka wakubwa wanisikilize. Tarehe 1 Machi 2017 nchi hii ilianza huduma ya kuhama mtandao na namba yako. Tulielezwa kwamba ni uhuru wa mteja: kampuni ikikuudhi unahama, na namba yako haipotei. Safi sana. Sasa uhuru gani huo wa kuhama na namba wakati kifaa ulichokinunua kwa hela yako kimefungwa mguu? Wahenga walisema mbuzi hula urefu wa kamba yake. Tumekatiwa kamba ya namba, tumefungwa kamba ya rauta. Tena mwezi Mei 2023 serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini na makampuni mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Minara hiyo ni ya makampuni tofauti. Leo unaweza kuamka ukakuta mnara mpya kijijini kwenu, lakini si wa mtandao wa rauta yako. Mwenye rauta huru anabadilisha laini kwa dakika mbili. Wewe unaangalia mnara kama picha ukutani.

Wenzetu walishaliona hili. Kanada, tangu Desemba 2017, kampuni za simu zinatakiwa kuuza vifaa vipya vikiwa vimefunguliwa. Uingereza walizuia kampuni za simu kuuza simu zilizolokiwa kuanzia Desemba 2021. Wao waliangalia zaidi simu, sawa, lakini hoja ni ile ile: kitu nilichokilipia ni changu.

Watetezi wa makampuni watasema: rauta ya ofa ni rahisi kwa sababu kampuni imechangia bei, kwa hiyo lazima irudishe hela yake kwenye bando. Hoja hiyo ina kichwa na miguu, siikatai. Lakini basi iandikwe! Iandikwe kwa Kiswahili, mbele ya boksi, kwa herufi anazoziona bibi yangu bila miwani: KIFAA HIKI KINATUMIA LAINI YA MTANDAO MMOJA TU. Na ziandikwe siku ambazo kufuli litafunguliwa. Ukishamaliza deni lako kwa miezi kadhaa ya bando, wakufungulie bure. Mkopo wa benki una mwisho. Kufuli la rauta nalo liwe na mwisho.

Wakati tunasubiri, mnunuzi wa Kyela ajilinde hivi. Kwanza, usinunue kwa kuhesabu antena. Antena nne za plastiki haziongezi mnara. Nenda dukani na laini mbili za mitandao tofauti, ichomeke moja, iwake, itoe, ichomeke nyingine. Muuzaji akikataa, jibu umeshalipata.

Pili, soma masafa. Mawimbi ya 700 na 800 MHz huenda mbali na kupenya ukuta kuliko ya 1800 na 2600. Mwaka 2018 TCRA ilipiga mnada masafa ya 700. Kwenye boksi yanaitwa B28, na 800 huitwa B20. Rauta isiyoyajua hayo, ukiwa mbali na mnara, inaweza kukaa kimya wakati simu ya jirani inaongea.

Tatu, usidanganywe na ile 300 Mbps iliyoandikwa kwa rangi. Hiyo ni kasi ya mazungumzo kati ya rauta na simu yako sebuleni. Kasi ya kutoka mnarani ni habari nyingine. Rauta nyingi za 4G za bei ya chini ni za daraja la 4, ambalo mwisho wake kwenye karatasi ni 150 Mbps, na mnara uliobeba kijiji kizima haukupi hata robo ya hiyo. Kwa nyumba ya vyumba vitatu hiyo inatosha. Hela ya kuongeza itumie kutafuta rauta yenye matundu ya kuchomeka antena ya nje. Nyumba zetu zina paa la bati, na bati ni adui wa mawimbi. Antena juu ya mlingoti inaweza kukuokoa pale ambapo rauta ya bei mara mbili ingeshindwa.

Ukishaipata, usiifiche nyuma ya televisheni. Iweke juu, karibu na dirisha linalotazama mnara. Badilisha neno la siri siku hiyo hiyo, pamoja na lile la kuingilia kwenye mipangilio, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3 na uzime WPS, la sivyo bando lako litakuwa la kijiji. Zima video zinazojicheza zenyewe kwenye simu za watoto. Na mvua za Kyela mnazijua: radi ikianza, chomoa kwenye umeme. Umeme ukikatika, kumbuka rauta nyingi hutumia volti 12, kwa hiyo betri ndogo ya sola yenye kidhibiti kizuri cha volti inaweza kuiwasha usiku mzima.

Lakini hayo yote ni dawa ya mgonjwa mmoja mmoja. Ugonjwa wenyewe unatibiwa na TCRA, ambayo ndiyo inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni. Kama mna uwezo wa kukagua kifaa kisiingilie mawimbi ya wengine, mna uwezo wa kudai sentensi moja ya Kiswahili kwenye boksi. Na Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lipo kwa kazi gani kama si hii? Shukeni Matema siku moja na laini tatu na rauta ya ofa. Mkimaliza, samaki wa kukaanga wapo.

Nanyi wasomaji, safari ijayo mkiwa dukani ulizeni kwa sauti, wateja wengine wasikie: hii imelokiwa? Swali hilo halilipiwi kodi.