Nyumba za Avenue Lumumba ni zetu, si za Wabelgiji

Ndugu wasikilizaji wa Bukavu, nanyi jamaa mliokimbia mkafika Bujumbura, Nakivale na kwingineko, leo nasema juu ya nyumba za zamani za katikati ya mji. Najua kuna atakayeuliza: watu wanakosa unga, wewe unahangaikia kuta? Ndiyo. Tangu M23 ilipoingia Bukavu, Februari 2025, kila aliyekimbia ana swali moja: siku nikirudi, nitakuta nini?

Tembea Avenue Patrice Emery Lumumba. Angalia Hoteli Résidence na nyumba zile zenye kona za mviringo na mistari mirefu juu ya madirisha. Mtindo huo unaitwa Ar Deko. Nyingi zilijengwa kati ya miaka ya 1930 na 1950, mji ulipoitwa Costermansville. Zilivumilia mamluki wa Schramme mwaka wa 1967, zikavumilia vita vya 1996 na vya 2004. Leo adui yake ni nyundo ya mwenye haraka ya kupata dola.

Wengine wanasema: ni za wakoloni, zianguke. Hapana! Mchoro ulikuwa wa mzungu, lakini aliyebeba tofali na saruji ni babu yetu. Mchana alijenga mjini, jioni alirudishwa Kadutu, sababu mjini hakuruhusiwa kulala. Ukibomoa nyumba ile humwadhibu Mbelgiji. Unafuta jasho la babu. Wenzetu wa Eritrea walitunza Asmara, iliyojengwa wakati wa Waitalia, na mwaka wa 2017 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia.

Wengine wanasema: kiwanja ni changu, ghorofa inaleta kodi. Hiyo ni hoja ya kweli. Paa linavuja na hakuna anayemsaidia mwenye nyumba. Lakini ukuta uliojengwa kubeba paa tu, ukiutwika ghorofa mbili, nani atajibu siku ardhi ikitikisika? Tumesahau tarehe 3 Februari 2008? Tetemeko lile liliua watu na kupasua nyumba hapa kwetu.

Sheria si kwamba haiko. Tangu tarehe 15 Machi 1971 nchi yetu ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni. Kinachokosekana ni mtu wa kuisimamia. Kwa hiyo, yeyote anayeshika mhuri wa ujenzi leo, namuomba mambo matatu: aandikishe nyumba hizi moja moja pamoja na picha, asitie sahihi ya kuongeza ghorofa kabla fundi hajapima msingi, na mwenye nyumba anayetunza apunguziwe kodi. Mji ukiwa vitani, karatasi zinapotea na viwanja vinabadili wenyewe usiku. Nyumba inayojulikana na kila mtu ni vigumu kuiiba.

Nanyi mlio mbali, kazi yenu iko. Kama una picha ya arusi iliyopigwa mbele ya posta, ya kathedrali au ya duka la zamani, usiitupe. Andika nyuma yake mwaka na barabara, utunze. Nyuma ya bibi arusi kuna ukuta, na ukuta ule ni shahidi. Siku mtu atakaposema pale hapakuwa na kitu, mumuonyeshe.