Picha za Bibi Zisifutwe Uso

Mama msomaji, picha za zamani katika nyumba zetu za Mbulu na Hanang zina maadui wengi: moshi wa jikoni, mchwa, na tangu tarehe 3 Desemba 2023, tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh. Picha iliyookolewa katika hali hiyo huwa na madoa.

Ipo programu ya bure ya kurekebisha picha iitwayo GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Ndani yake unaweza kutumia skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa mara moja, nayo kompyuta ikayafuata kwa picha mia bila kuchoka: punguza ukubwa, ongeza mwanga, ondoa vidoa. (Ipo hata skripti ya kumwagia picha safi madoa ya kahawa! Sisi madoa tunayo tayari.)

Lakini skripti ni kama maagizo unayomwachia binti wa kazi asubuhi, naye akayafuata vilevile hata mgeni akifika. Haimtambui bibi. Kazi ya kuondoa vidoa hulinganisha kila nukta na nukta za jirani yake. Iliyo tofauti hufanywa ifanane na wenzake. Sasa mtazame bibi wa Kidatoga mwenye chale zilizozunguka macho. Kwa kompyuta, zile ni vidoa. Mtazame mama wa Kiiraqw na sketi yake ya ngozi yenye shanga: kila ushanga ni kidoa. Ukiiachia ifanye kazi usiku kucha, asubuhi utakuta nyuso laini za watu usiowajua.

Kwa hiyo ukipeleka picha studio au steshenari, mwambie fundi atumie skripti kwa mwanga na ukubwa tu. Madoa ya usoni na kwenye nguo ayafute kwa mkono, taratibu, wewe ukiwa umekaa pembeni. Ajaribu kwanza picha moja. Asiguse ile aliyoskani mwanzo. Afanyie kazi nakala. Akikuuliza kama angemng'arisha bibi kidogo awe mweupe, mkatalie.

Na ile picha ya karatasi, hata ikiwa na tope, hakikisha unarudi nayo nyumbani.