Kiwanda kikifungwa juu ya bidhaa za inje, mtumikaji anabakia na nini?

Ukipita sokoni Kisangani na kuuliza kikwembe, muuzaji atakutandikia vingi vya rangi nzuri. Vingi vyao vimetoka Asia. Na tena mji huo huo uko na kiwanda cha vikwembe, Sotexki, ambacho kimeishi miaka mingi kwa kuvuta pumzi. Kule Kalemie, wazee wanakumbuka Filtisaf, ambayo mashine zake zilinyamaza zamani. Hata Kinshasa ni vile vile: Utexafrica iliacha kutengeneza vitambaa, na leo mtu akisema anaenda Utex, anamaanisha nyumba za kupanga na mahali pa kula.

Mara nyingi tunalilia kiwanda. Leo tuulize juu ya mtu aliyekuwa anasimama mbele ya mashine. Yeye alienda wapi?

Tuseme ukweli kwanza. Bidhaa za inje si adui peke yake. Umeme unakatika, barabara zimekufa, vita imepita, pamba haifike tena kiwandani sawa zamani. Lakini kiwanda kilichochoka namna hiyo, kikwembe cha bei ndogo ao nguo za friperi zikiingia sokoni, ndiyo zinakimalizia. Patron anapunguza watu, kisha anafunga mlango.

Hapo Kode ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema nini? Patron anayetaka kupunguza watu juu ya hali ya kampuni lazima awajulishe kwanza wajumbe wa watumikaji kwa maandishi, na asikie mawazo yao. Kufukuza watu wengi kwa mara moja kunaomba ruhusa ya waziri wa kazi. Kwa mkataba usio na mwisho, preavi haiwezi kuwa chini ya siku 14 za kazi, na kila mwaka mzima wa kazi unaongeza siku 7. Aliyetumika miaka 10 ana haki ya siku 84 za kazi. Kisha anapewa hesabu yake ya mwisho, ile tunaita dekonti finali.

Kisha? Kisha hakuna kitu. CNSS inalipa pansheni, ajali za kazi na misaada ya jamaa. Haina mfuko wa mtu aliyepoteza kazi. ONEM inaandika majina ya wanaotafuta kazi. INPP, iliyoanza tangu 1964, inafundisha ufundi. Lakini baba wa miaka 45, mwenye watoto sita, atakula nini wakati anajifunza kuchomelea vyuma?

Inchi zingine zilijiuliza swali hilo mapema. Marekani, mwaka 1962, wakati wa rais Kennedy, walitunga sheria: serikali ikifungua mipaka kwa bidhaa za inje, mtumikaji anayepoteza kazi juu ya ile biashara asaidiwe. Watumikaji watatu tu walikuja kuweza kuandika ombi kwa pamoja. Wakikubaliwa, walipewa masomo ya kazi mpya, pesa ya kila juma wakati wa masomo, na msaada wa kuhama kufuata kazi. Ulaya nayo iliweka mfuko wake tangu 2007.

Lakini tusifikiri kule kila kitu kilikuwa asali. Masharti ya 1962 yalikuwa magumu sana mpaka miaka saba ikapita bila mtumikaji hata mmoja kukubaliwa, kwa sababu ilikuwa kazi kubwa kuonyesha kwamba kosa ni la bidhaa za inje. Na tangu tarehe 1 Julai 2022, mpango huo haupokee tena watu wapya, kwa sababu wabunge hawakuuongezea muda. Somo ni hili: sheria bila mlango ambao mtumikaji mwenyewe anaweza kufungua ni karatasi tu. Kwetu, ambako umeme na barabara vinaua kiwanda pamoja na bidhaa za inje, kumwomba mtu alete ushahidi wa sababu moja ni kumfungia mlango kabla hajabisha.

Watu watasema serikali haina pesa. Lakini tuangalie vizuri. Tangu 1989 tuko na FPI, mfuko wa kuendeleza viwanda. Bidhaa zinazoingia inchini zinalipishwa taksi kwa ajili yake. Maana yake, kila mzigo wa vikwembe unaopita duane unaacha kitu. Kitu hicho kinaenda kukopesha wenye kampuni. Si vibaya, kiwanda kikisimama kinaleta kazi. Lakini mwenye kiwanda anaweza kupata mkopo, na mtumikaji aliyeumizwa na mzigo ule ule hapati chochote. Kutenga sehemu ya taksi hiyo kwa kulipia masomo INPP, pamoja na pesa ya chakula kwa miezi michache, ni jambo ambalo wabunge wetu wanaweza kujadili. Tuwaulize wakija likizo ya bunge.

Wakati tunangoja, mtumikaji asikae kimya. Chunga mkataba wako na karatasi za mshahara. Uliza CNSS kama patron alikuwa analipa kweli michango yako. Ukikataliwa haki yako, anzia kwa inspekta wa kazi, kwa maana tribinali ya kazi haipokee kesi ambayo haijapita kwake. Na usichelewe: mshahara usiolipwa unadaiwa ndani ya mwaka mmoja, kisha haki inaanguka.

Kiwanda kinaweza kungoja mwekezaji miaka 20, kuta zake hazisikii njaa. Watoto wa mtumikaji hawawezi kungoja hata juma moja.